Aliyeokolewa Apewe Muda

Mtoto anapozaliwa kabla ya wakati, tuseme katika wiki ya 26 ya ujauzito, mapafu yake hayaumwi. Ni machanga tu. Ugonjwa huja baadaye. Huja siku ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, hatari ya kwanza ikiwa imekwisha kupita, ndugu wamekwisha kuambiwa kwamba mtoto yupo hai, na pengine hata jina amekwisha kupewa. Huja kwa njia ya mashine iliyomsaidia kupumua, kwa njia ya oksijeni iliyomzuia asife, kwa njia ya maambukizi aliyoyapata wodini kwa kuwa alikaa sana wodini. Madaktari huuita ugonjwa sugu wa mapafu wa watoto njiti. Ni ugonjwa wa walionusurika, kwa maana mtoto aliyefariki siku ya kwanza hawezi kuupata.

Nimekuwa nikiutafakari ugonjwa huu kwa sababu unatuwekea mbele swali tusilopenda kulikabili, hospitalini wala majumbani: mtoto tuliyemwokoa anatudai nini? Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kwa mtoto njiti methali hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mimba yake haikumaliza kulelewa. Kazi iliyokuwa ifanywe gizani, ndani ya maji, kwa damu ya mama, sasa yapasa ikamilishwe nje, hewani, kwa mikono ya watu. Na katika viungo vyote vya mtoto huyo, hakuna kinachodhihirisha ugumu wa kazi hiyo kuliko mapafu.

Mapafu hujengeka kwa awamu. Kufikia wiki ya 16 au 17, matawi ya njia za hewa huwa yamekwisha kugawanyika. Kuanzia hapo hadi karibu wiki ya 26, mishipa midogo ya damu husogea jirani na mahali hewa itakapopita, ili siku moja damu na hewa vitenganishwe na ukuta mwembamba kabisa, na oksijeni ipenye. Karibu na wiki ya 24 seli fulani huanza kutengeneza utelezi uitwao sarfaktanti, ambao huvizuia vyumba vya hewa visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi. Vifuko vya hewa vyenyewe, vile vilivyokamilika, huongezeka katika majuma ya mwisho ya ujauzito, na sehemu kubwa ya ujenzi wake hufanyika baada ya kuzaliwa, hasa katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Mtu mzima huwa navyo kati ya milioni 300 na milioni 500.

Kwa hiyo mtoto wa wiki 26 huanza kupumua kwa mapafu ambayo bado hayana vifuko hivyo. Tena tumboni alikuwa akiishi kwa oksijeni kidogo mno ukilinganisha na yetu. Hewa hii ya kawaida, ambayo asilimia 21 yake ni oksijeni, kwake tayari ni nyingi kupita alivyozoea, na seli zake hazijapata kinga kamili dhidi ya ukali wake. Halafu tunampa oksijeni ya asilimia 40, 60, hata 100, kwa sababu bila hiyo atakufa. Tunampa, na ni haki kumpa, na hiyohiyo inamjeruhi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima.

Haikuwa hivi zamani, kwa kuwa zamani watoto hawa walikufa. Mwaka 1959, huko Boston, Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na ule utelezi wa mapafu. Kujua chanzo hakukuleta tiba mara moja. Tarehe 7 Agosti 1963 mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na uzito wa kilo 2.1 hivi. Alikimbizwa Boston, akawekwa ndani ya chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa, akafariki baada ya saa 39. Baba yake alikuwa na mamlaka na mali ya kumpatia lolote lililokuwapo duniani, na duniani hapakuwa na kitu. Leo mtoto wa uzito huo huonekana mkubwa katika wodi ya njiti, na wengi kama yeye, Dar es Salaam au Nairobi, hurudi nyumbani na mama zao.

Mashine za kupumulia ziliingia katika wodi za watoto wachanga miaka hiyohiyo, na watoto wakaanza kupona. Ndipo mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mtaalamu wa eksirei William Northway na wenzake walipochapisha habari za watoto 32 waliokuwa wameugua vibaya ugonjwa ule wa kukosa utelezi wa mapafu. Katika picha za baadhi ya waliotibiwa kwa mashine na oksijeni nyingi, waliona mapafu yaliyokuwa yakibadilika juma baada ya juma, yakijaa makovu na mapovu ya hewa. Walioponywa ugonjwa mmoja walikuwa wameingia katika mwingine, na ule wa pili haukuwahi kuwapo. Northway na wenzake wakaupa jina, na hawakuficha kilichoshukiwa kuuleta: oksijeni kali na mashine, yaani matibabu yenyewe.

Naliheshimu sana andiko lile. Ni rahisi kwa mganga kusimulia aliyemponya, na ni vigumu kuwatazama walewale aliowaponya na kuandika alichowafanyia. Tangu siku hiyo historia ya kuwatunza watoto njiti imekuwa historia ya watu wanaojichunguza mikono yao. Mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco alionyesha kwamba watoto wengi wanaweza kusaidiwa kwa shinikizo dogo la hewa lisilokatika, pasipo mashine kuwapumulia. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie, huko Auckland, New Zealand, walitangaza kwamba sindano anazochomwa mama kabla ya kujifungua hukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni. Liggins alikuwa ameanza kuliona jambo hilo kwa wanakondoo waliozaliwa kabla ya siku zao na bado wakaweza kupumua. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akachapisha matokeo ya kuwatilia watoto kumi utelezi wa mapafu kupitia koo. Kila hatua ililenga kumpunguzia mtoto ukali wa kuokolewa kwake.

Ugonjwa haukwisha. Ulibadilika sura. Kwa kuwa sasa walipona watoto wadogo zaidi, wa wiki 24, 25, 26, mapafu yao hayakuonyesha makovu mengi kama yale ya 1967. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Alan Jobe na wengine walikuwa wakieleza picha nyingine: mapafu yaliyosimama kukua. Vifuko vichache, vikubwa, vilivyorahisishwa, na mishipa ya damu michache pembeni yake. Ujenzi ulikatizwa na haukuendelea kama ilivyopasa.

Jambo hili linabadili maana ya tiba. Kovu tungelitafutia dawa ya kulifuta. Mapafu yaliyosimama kukua yanahitaji kurudishiwa masharti ya kukua: lishe, joto, oksijeni iliyopimwa, kinga dhidi ya maambukizi, na muda. Hakuna dawa moja inayomaliza kazi hii. Anayemtunza mtoto mwenye ugonjwa sugu wa mapafu kimsingi anamlinda ili mwili wake upate nafasi ya kuendelea na kazi uliyoianza tumboni.

Sharti gumu kuliko yote ni kipimo. Oksijeni ina historia yake ya huzuni katika wodi hizi. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950 watoto njiti walipewa oksijeni kwa ukarimu, na takriban 10,000 duniani wakawa vipofu kabla haijathibitishwa kwamba oksijeni ndiyo iliyoharibu mishipa ya macho yao. Hospitali zikabana oksijeni. Upofu ukapungua, na vifo vikaongezeka; mwaka 1973 daktari Mwingereza K. W. Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeepushwa na upofu huenda 16 walikufa. Miaka mingi baadaye, tafiti kubwa zilizolinganisha kiwango cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 85 hadi 89 na kile cha 91 hadi 95 zilikuta mgongano uleule: kiwango cha chini kilileta vifo zaidi, cha juu kilileta madhara zaidi ya macho. Ndiyo maana leo wauguzi wengi huelekezwa kukishika kiwango kati ya asilimia 90 na 95. Ni ukingo mwembamba, na mtoto hukaa juu yake usiku na mchana kwa majuma.

Hata kifaa cha kuusomea ukingo huo kina walakini wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma oksijeni ya mtu mwenye ngozi nyeusi kuwa juu kuliko ilivyo, na dalili ya jambo hilohilo imeonekana kwa watoto njiti. Watoto wetu karibu wote wana ngozi hiyo. Muuguzi anayekitazama kifaa na papo hapo akatazama midomo ya mtoto, mbavu zake na namna anavyonyonya, huyo ameelewa kwamba namba ni shahidi mmoja tu.

Dawa nazo zimefundisha kipimo. Katika miaka ya 1990 deksamethasoni ilishangaza wodi: mtoto aliyeshindwa kuachana na mashine kwa majuma aliachana nayo ndani ya siku chache. Watoto walipofuatiliwa hadi umri wa kutembea na kusema, ilionekana kwamba waliopewa dozi kubwa mapema walipata zaidi ulemavu utokanao na madhara ya ubongo. Mwaka 2002 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilishauri isitumike kama kawaida. Leo hutumika kwa dozi ndogo, kwa mtoto ambaye hatari ya ugonjwa wake imeizidi hatari ya dawa. Upande wa pili ipo kafeini, dawa nyenyekevu iliyokuwa ikitolewa ili mtoto asisahau kupumua. Mwaka 2006 jaribio kubwa lililoongozwa na Barbara Schmidt lilionyesha kwamba waliopata ugonjwa sugu wa mapafu miongoni mwa waliopewa kafeini walikuwa asilimia 36, na miongoni mwa wasiopewa asilimia 47. Walipofuatiliwa zaidi, waliopewa kafeini walikuwa pia na madhara machache ya ubongo. Tusingejua ubaya wa ile wala uzuri wa hii kama watafiti wangeridhika kuwahesabu watoto siku ya kutoka wodini.

Nimeyasimulia ya Boston, Stanford na Auckland kwa kuwa huko ndiko ugonjwa huu ulikoanza kuonekana. Sasa umekuja kwetu, na umekuja kwa mlango wa heri. Blantyre, Malawi, madaktari wa Hospitali ya Queen Elizabeth walishirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice kutengeneza mashine nafuu ya kumpa mtoto shinikizo dogo la hewa kupitia puani, bomba la kutolea hewa likizamishwa katika chupa ya maji, na kina cha maji kikiwa ndicho kipimo cha shinikizo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, watoto waliosaidiwa na mashine hiyo walipona kwa asilimia 71, na waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani kwa asilimia 44. Mashine za aina hii, ambazo wauguzi wetu huziita CPAP, sasa zipo katika hospitali nyingi za Tanzania, Kenya na majirani zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kumweka mtoto kifuani pa mama mapema, kwa mtindo wa kangaruu, bila kusubiri kwanza atulie, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jaribio lililoihusisha Kenya lilikuwa limethibitisha kwamba sindano za kukomaza mapafu huokoa watoto pale hospitali inapoweza kukadiria vizuri umri wa mimba na kumtunza mtoto atakayezaliwa.

Haya ni mambo ya kumshukuru Mungu. Na ni mambo yanayotuleta hatua kwa hatua pale Stanford ilipokuwa mwaka 1967. Mtoto wa kilo moja ambaye zamani alifunikwa kitenge na kupelekwa kuzikwa, sasa anaishi siku ya kumi, ya thelathini, ya sitini, na siku ya sitini bado anahitaji oksijeni. Wodi nyingi hazina kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida. Kinachotoka kwenye mtungi au kwenye mashine ya kuzalisha oksijeni humwendea mtoto kikiwa kikali. Vipimo vya kidoleni havitoshi vitanda. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana watoto wengi kuliko awezavyo kuwatazama. Katika hali hiyo ukingo ule mwembamba haushikiki, hata mhudumu awe na moyo gani. Ninasema hivi bila kumlaumu aliye zamu. Ninasema ili wanaopanga bajeti wajue kwamba kununua oksijeni bila kununua kipimo chake ni kufanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki hulipwa na mapafu ya mtoto.

Na huyo mtoto wa siku ya sitini anatunzwaje? Kitabibu, mtoto aliyehitaji oksijeni kwa siku 28 au zaidi huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu, na ukali wake hupimwa anapofikia wiki ya 36, ukihesabu tangu ujauzito ulipoanza. Lakini tafsiri hiyo haisemi siku zake zinavyokwenda. Kupumua kwake ni kazi ya sulubu. Kifua hubonyea, pua hupanuka, na nguvu ambazo angezitumia kukua huishia kwenye pumzi. Kwa hiyo chakula chake lazima kizidi cha mtoto mwingine, hadi kalori 120 na hata 150 kwa kila kilo kwa siku. Papo hapo maji yakizidi, mapafu hujaa. Baadhi hupewa dawa za kukojoza ili yapungue. Kumlisha sana bila kumlowesha: huo ni mtihani wa kila siku. Maziwa ya mama hukamuliwa, hupimwa kwa mililita, hupitishwa katika mpira wa puani kila baada ya saa mbili au tatu, na mara nyingine huongezewa virutubisho. Siku moja hujaribiwa kikombe, siku nyingine ziwa, na akichoka hurudishwa kwenye mpira bila kuhesabiwa kwamba ameshindwa.

Asubuhi ni mizani. Kina mama wa wodi ya kangaruu hawaulizani habari za nyumbani kwanza. “Dada, wako leo amefika ngapi?” Gramu 20 zilizoongezeka ni habari ya kusimulia hadi saa ya kuona wagonjwa, na gramu 10 zilizopungua humfanya mama akose hamu ya uji. Wao hawajasoma habari za vifuko vya hewa, lakini wanapima jambo sahihi. Mtoto anayeongezeka uzito anaongeza na mapafu. Mapafu mapya yakijengwa, oksijeni hupunguzwa kidogo, anatazamwa, hupunguzwa tena. Kuna siku inarudishwa juu kwa sababu amepata mafua au damu imepungua. Kuna watoto ambao mishipa ya mapafu yao hupata shinikizo kubwa la damu na moyo ukaanza kuelemewa. Hao humhitaji bingwa wa moyo na dawa zake. Wengi huenda polepole hivyohivyo, mbele na nyuma, hadi siku wanayoachana na oksijeni.

Kwa hiyo nikiulizwa tiba kuu ya ugonjwa huu ni ipi, nitajibu muda, na papo hapo nitaongeza kwamba muda haupatikani bure. Mama anayekaa wodini miezi miwili ameacha genge, shamba au watoto wengine. Mwaka 2025 Tanzania ilirekebisha sheria za kazi, ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe likizo kwa majuma yaliyokuwa yamesalia kutimiza wiki 40. Ni sheria yenye utu, na imeielewa biolojia: inakubali kwamba yale majuma ni sehemu ya ujauzito uliohamia nje. Lakini walio wengi miongoni mwa mama zetu hawana mwajiri. Mama ntilie, mkulima, muuza samaki, huyo likizo yake ni mikopo na ukarimu wa dada zake. Tukitaka mtoto wake apate muda uleule, lazima tumtafutie njia nyingine, kama vile kufutiwa gharama za wodi, nauli za kliniki, au mfuko wa jamii unaomtambua mama wa njiti kama anavyotambuliwa mwenye maradhi ya muda mrefu.

Kisha huja siku ya kuruhusiwa, ambayo kila mtu huiona kuwa ndiyo mwisho. Uingereza, mtoto ambaye bado anahitaji oksijeni kidogo huweza kurudi nyumbani nayo, na huduma ya afya ya taifa ikagharimia. Kwetu ni familia chache zinazoweza hilo. Mashine ya kuzalisha oksijeni hula umeme saa zote, na umeme ni wa kununua kidogokidogo kwa LUKU au kwa tokeni, tena hukatika. Hivyo mtoto hubaki wodini hadi aweze kupumua mwenyewe, na anapotoka huwa ameweza kwa kiasi cha kutosha tu. Hana akiba. Mafua ambayo kwa mtoto mwingine ni ya siku tatu, yeye humrudisha hospitalini. Virusi vya RSV, vinavyowapata karibu watoto wote kabla ya miaka miwili, kwake ni hatari ya kweli. Kingamwili za kumkinga zipo duniani, lakini bei yake haijashuka hadi mlangoni kwetu. Kinga tuliyo nayo ni maji na sabuni, kumzuia mgeni mwenye kikohozi hata akiwa shemeji, na chanjo zisizokawizwa. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: chanjo nyingi za mtoto njiti hufuata umri tangu alipozaliwa, hazisubiri uzito uongezeke wala majuma yaliyopungua yafidiwe. Kukaa, kutambaa na kutembea ndiko kunakopimwa kwa umri uliopunguzwa yale majuma. Mama akielezwa tofauti hii vizuri, ameondolewa hofu mbili kwa pamoja.

Na upo moshi. Mapafu yanayojijenga katika chumba kimoja chenye jiko la mkaa au mafiga ya kuni yanajijenga ndani ya sumu. Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Katika mijadala yake tunasikia habari za misitu na za macho mekundu ya mama zetu, na zote ni haki. Ningependa tusikie pia habari za huyu mtoto. Familia inayomrudisha nyumbani mtoto njiti wa oksijeni ingestahili kuwa ya kwanza kufikiwa na jiko la gesi au la umeme, kwa agizo la daktari, kama inavyopewa vidonge. Na baba anayevuta sigara atoke nje, kisha aiache kabisa; kutoka nje hakumalizi, kwa kuwa moshi hurudi naye nguoni.

Kuna mzigo mwingine usioonekana kwenye eksirei. Mtoto anapokohoa miezi sita baada ya kutoka wodini, lawama humjia mama. Ataambiwa hakumfunika, ataambiwa alikula nini alipokuwa mjamzito, ataambiwa njiti hukaa hivyo kwa sababu ya jambo fulani katika ukoo wake. Ukweli ni kwamba mtoto huyu alipumua miezi mitatu kabla ya mapafu yake kuwa tayari, na yupo hai kwa sababu mama yake alimbeba kifuani usiku na mchana. Wakwe, mashangazi na majirani wanaomjia na maneno wamjie na zamu: mmoja ambebe mtoto, mwingine afue, mama alale. Kumpumzisha mama ni sehemu ya tiba ya mapafu ya mtoto, na mtu yeyote anaweza kuitoa.

Mwaka 1990 Northway yuleyule alichapisha utafiti mwingine. Alikuwa amewatafuta vijana waliougua ugonjwa huu utotoni na kuwapima mapafu. Wengi wao, wakiwa sasa vijana wakubwa, bado walikuwa na njia za hewa zilizobana au zilizo nyepesi kukasirika. Ninaona katika kitendo hicho mfano wa uwajibikaji ambao nautamani kwetu. Hakuridhika kwamba waliondoka hospitalini wakiwa hai. Aliwaendea baada ya zaidi ya miaka ishirini tangu wa kwanza wao walipozaliwa, akawauliza wanapumuaje.

Sisi tunayo desturi ya kutangaza idadi ya njiti waliookolewa, na kila tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, tunapiga nao picha. Tufurahi nao. Kisha kila hospitali inayowatunza iwe na daftari la pili, la watoto wa mwaka mmoja na wa miaka miwili: nani bado anapumua kwa shida, nani amerudi kulazwa na mara ngapi, nani ameacha kuja kliniki na kwa nini. Kadi ya kliniki iandikwe wazi kwamba mtoto huyu alizaliwa wiki ya ngapi na alikaa na oksijeni siku ngapi, ili daktari atakayemwona akiwa na miaka saba asimwandikie dawa ya pumu bila kujua alikotoka, na ili yeye mwenyewe akiwa mtu mzima ajue kwamba sigara kwake ni hatari kuliko kwa wenzake. Oksijeni inunuliwe pamoja na vifaa vya kuichanganya na kuipima. Muuguzi wa njiti asihamishwe wodi kila anapokomaa katika kazi hiyo.

Hakuna hata moja kati ya haya lililo nje ya uwezo wa nchi zetu, na mengi ni nafuu kuliko mashine tunazozinunua kwa sherehe. Tulipoamua kumvuta mtoto wa kilo moja kutoka mautini, tuliingia naye katika ahadi, na ahadi hiyo ina urefu unaojulikana: angalau miaka miwili au mitatu ambayo mapafu yake yanaihitaji ili yajijenge. Tumpe miaka hiyo yote.